Kwa nini shule ya kwanza Tanganyika ilianzia Tanga na si Bagamoyo wala Dar?

#1 Mwana wa Chumbageni
Wakuu, habari zenu.

Tanga School ilifunguliwa 1892. Ndiyo shule ya kwanza nchi hii, hilo halina ubishi. Ninachotaka tujadili ni hiki: kwa nini Tanga? Mjerumani alikuwa na Bagamoyo, mji wake mkuu mpaka 1891. Alikuwa na Dar es Salaam, ambako ndiko alikuwa anahamia. Kilwa ilikuwapo na Pangani pia. Akaziruka zote akaja kufungua darasa kwetu.

Mimi nasema ni kwa sababu watu wa Tanga walikuwa tayari wanajua kusoma na kuandika. Wajuzi karibuni.

#2 Bwaga Moyo
Mleta mada, ubishi upo tena mkubwa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868 na wakaanza kufundisha watoto waliokombolewa utumwani: kusoma, useremala, uashi, kilimo. Hiyo ni miaka 24 kabla ya hiyo shule yenu. Rekebisha kichwa cha uzi.

#3 Kalamu ya Wino
#2 yuko sahihi, na hajamaliza. Waanglikana wa misheni ya UMCA walikuwa na shule ya Kiungani kule Unguja tangu mwishoni mwa miaka ya 1860, na Magila, hapo Muheza tu, walishakuwa na shule muda mrefu kabla ya Mjerumani kupandisha bendera. Tanga School ni ya kwanza *ya serikali*. Hapo ndipo heshima yake ilipo, na inatosha.

Ila swali la mleta mada ni zuri sana. Kwa nini serikali ilianzia Tanga?

#4 Kijana wa Mombo
Jibu jepesi: reli. Reli ya Usambara ilianzia Tanga, na reli inataka makarani, wakata tiketi, watu wa telegrafu, wasimamizi wa stoo. Mzungu mmoja kutoka Ulaya alikuwa ghali, malaria nayo ilikuwa inawamaliza. Ukifundisha kijana wa Kidigo au wa Kibondei hesabu na hati nzuri, umeokoa hela.

#5 Kalamu ya Wino
Mkuu #4, angalia miaka. Shule 1892. Reli ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896, Korogwe 1902, Mombo kwenu 1905, Moshi 1911. Shule imetangulia reli.

#6 Kijana wa Mombo
Lakini kampuni ya hiyo reli iliundwa 1891. Mpango ulikuwepo mezani. Mtu hajengi gati siku meli inapofika.

#7 Bint Makorora
Na mkonge je? Sisi wote tumekua tunaambiwa Tanga ni mkonge.

#8 Kalamu ya Wino
Mkonge hauwezi kuwa sababu, dada. Dk. Richard Hindorf aliagiza miche yake kutoka Florida na ikafika 1893. Karibu yote ilikufa njiani, ikabaki 62. Mashamba yote ya mkonge nchi hii yametokana na hiyo 62. Mwaka 1892 hapakuwa na shamba la mkonge hata moja. Kilichokuwepo ni tumbaku ya Lewa, na kahawa ya Usambara ndiyo kwanza inaanza.

#9 Mzee wa Barabara ya Tisa
Vijana, hamjambo.

Mnazunguka sana. Mtafuteni gavana. Alikuwa Julius von Soden, aliyetawala 1891 mpaka 1893. Kabla ya kuja huku alikuwa gavana wa Kamerun, na huko serikali ya Kijerumani ilishafungua shule pale Douala 1887. Mtu huyu alikuja na wazo lake mkobani. Aliona vita vya Abushiri vimewagharimu sana. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889, majeraha bado mabichi. Soden akaona ukitawala pwani kwa bunduki peke yake utachoka, unahitaji watu wa pwani wenyewe wakuandikie barua na kukusanya kodi.

Kuhusu Tanga: Bagamoyo na Pangani ndizo zilizokuwa kitovu cha vita vile. Ungefungua shule mahali ambapo juzi tu ulikuwa unapiga mizinga? Tanga ilikuwa imetulia zaidi.

#10 Mwana wa Chumbageni
Shikamoo mzee. Hii ya Kamerun ni mpya kwangu kabisa.

#11 Mzee wa Barabara ya Tisa
Marahaba.

#12 Bwaga Moyo
Kwa hiyo Tanga mlipewa shule kwa sababu hamkupigana? 😀 Asante mzee, tumeelewa sasa.

#13 Mdigo Halisi
#12 acha hizo. Tanga nako meli za Mjerumani zilipiga mizinga wakati wa vita vile, katafute. Na mwaka 1914 Tanga ilipigana vita ambayo mpaka leo inafundishwa kwenye vyuo vya kijeshi. Waingereza waliteremsha jeshi kubwa kutoka India mwanzoni mwa Novemba, wakarudishwa baharini. Nyuki walishiriki upande wetu.

#14 Ustadh wa Ngamiani
Assalaam aleykum.

Mna hoja moja mmeiruka. Soden alijua watu wa pwani ni Waislamu na watoto tayari wako chuoni, yaani madrasa. Shule ya Mzungu kwa mzazi wa wakati ule ilikuwa na maana moja tu: mtoto anakwenda kubatizwa. Maana shule zote walizozijua zilikuwa za misheni. Sasa gavana akataka shule yake isifundishe dini ya Kikristo, na akataka mwalimu wa Kurani awemo na alipwe na serikali. Wamisionari walipiga kelele mpaka Berlin. Mpango ule haukudumu, lakini ile kanuni ya shule isiyo ya dini ilibaki.

Ndiyo maana mimi naona mleta mada kagusa kitu. Tanga kulikuwa na vyuo vya Kurani, watu waliandikiana barua na hati za mauziano kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu. Mjerumani hakukuta ukurasa mtupu. Alichofanya ni kubadilisha herufi.

#15 Kalamu ya Wino
Ustadh, nakubali kuhusu herufi. Lakini hoja hiyo inafaa Bagamoyo vilevile, inafaa Kilwa, inafaa Lindi. Vyuo vilikuwepo pwani nzima. Haielezi kwa nini Tanga *peke yake* ilitangulia.

#16 Ustadh wa Ngamiani
Haielezi kwa nini ilitangulia. Inaeleza kwa nini ilidumu.

#17 Mbondei wa Magila
Mimi nina yangu. Magila ilikuwa ya Waingereza. UMCA ni Waanglikana kutoka Uingereza, na shule zao zilikuwa zimesambaa Bonde nzima, nchi yetu Wabondei, si mbali na Tanga mjini. Mjerumani anatawala eneo ambalo vijana wenye elimu wote wamefundishwa na Mwingereza, wanaimba nyimbo za Mwingereza. Wewe ungekaa kimya? Alifungua shule Tanga ili kushindana na Magila. Bagamoyo mapadri wengi walikuwa Wafaransa, lakini kule hapakuwa na mtandao wa shule vijijini kama Bonde.

#18 Bwaga Moyo
Hii ya #17 angalau ina mantiki. Ila Wafaransa nao Mjerumani hakuwapenda hata kidogo, mpaka 1871 Mfaransa na Mjerumani walikuwa vitani. Kwa mantiki yako angeanzia Bagamoyo.

#19 Bint Makorora
Nimeweka kambi. Endeleeni.

#20 Kifaru Mzee
Naongezea kitu nje ya swali. Babu yake mama yangu alisoma Tanga wakati wa Mjerumani, akapelekwa bara kufanya kazi posta. Kwetu kuna kisanduku cha bati chenye barua zake. Ukizitazama hati yake utashangaa. Herufi zote zimeinama upande mmoja, urefu sawa, mstari umenyooka ingawa karatasi haina mistari. Pembeni ameacha nafasi sawasawa juu mpaka chini. Tarehe iko kulia, kisha salamu za watu wote mmoja mmoja, kisha ndiyo jambo lenyewe: anaomba apelekewe kanzu mbili na aelezwe kama shamba la minazi limepaliliwa. Mwisho jina lake na neno "karani". Bibi alikuwa anasema mzee yule hata akiandika orodha ya sokoni alikuwa anaandika kwa hati hiyohiyo.

Alikuwa anapokea gazeti la shule pia. Kiongozi. Ndilo gazeti la kwanza la Kiswahili, lilichapwa pale shuleni.

#21 Kalamu ya Wino
Asante sana kwa kisa hiki, mkuu. Hizo barua msizitupe, zipigeni picha.

Kuhusu Kiongozi: si la kwanza la Kiswahili. Msimulizi la UMCA lilitoka Kiungani 1888, na Magila wakawa na Habari za Mwezi miaka ya 1890. Kiongozi lilianza kutoka hapo Tanga School mwaka 1904 na likaendelea mpaka 1916, Waingereza walipoingia. Lakini lina sifa ambayo yale hayakuwa nayo: halikuwa la kanisa. Wanafunzi ndio waliofanya kazi ya uchapaji, na waliomaliza shule wakawa wanaandika kutoka walikopangiwa kazi. Mmoja yuko Tabora anaeleza bei ya vyakula, mwingine yuko ziwani, mwingine kaleta shairi na mwenzake kamjibu kwa shairi. Lilisomwa na watu wasioonana. Tukisema leo "uzi", wao walikuwa nao 1905, ila jibu lilichukua wiki kadhaa kufika.

Mwaka 1910 yakaja Pwani na Bara la Waprotestanti na Rafiki Yangu la Wakatoliki. Nadhani misheni zilistuka kuona serikali imewatangulia kusomwa.

#22 Mbondei wa Magila
Habari za Mwezi ikumbukwe kwa herufi kubwa tafadhali. 🙏

#23 Nyika Nyika
Wakuu, mnaipamba mno. Nitasema lisilopendeza.

Waliomaliza shule hiyo walikwenda kufanya nini? Makarani, wakalimani, maakida, yaani watawala wadogo wa Mjerumani. Maakida ndio waliokusanya kodi ya kibanda tangu 1898. Rupia tatu, huna, unakwenda kufanya kazi shambani kwa mzungu. Kusini watu walichukia maakida wa pwani kiasi kwamba Maji Maji ilipolipuka 1905 walikuwa miongoni mwa wa kwanza kushambuliwa. Shule ile haikujengwa kwa ajili ya kumkomboa mtu. Ilijengwa ili utawala uwe rahisi.

#24 Kifaru Mzee
Babu yangu alikuwa posta. Hakukusanya kodi ya mtu.

#25 Nyika Nyika
Mkuu, simsemi babu yako. Nasema mfumo. Naye alikuwa anapeleka barua za nani?

#26 Mzee wa Barabara ya Tisa
Nyika, usemayo ni kweli, lakini weka na hili pembeni. Maakida wengi wa kusini walikuwa watu wa pwani waliopata kazi kabla au bila ya kupita Tanga School. Si kila akida ni mtoto wa shule ile. Na shule zote za serikali zikiwekwa pamoja hazikuwa kubwa hivyo: mpaka 1914 zilikuwa na wanafunzi elfu sita na ushee, wakati misheni zilikuwa na zaidi ya laki moja.

Lakini hao elfu sita ndio walioandika. Waingereza walipochukua nchi walikuta jambo ambalo hawakulitegemea: ukimwandikia akida barua ya Kiswahili, popote alipo, anasoma na anakujibu kwa maandishi. Waliandika hivyo wenyewe kwenye taarifa zao za mwanzo za elimu, wakistaajabu. Kiswahili kuwa lugha ya ofisi mpaka bara ndani, mizizi yake mojawapo ni pale Tanga. Walimu wa zile shule ndogo za bara walitoka shule kubwa za pwani, Tanga ikiwa mbele.

#27 Nyika Nyika
Mzee, hilo la Kiswahili nalipokea. La kodi nalishikilia.

#28 Wa Kibokoni
Sisi huku Mombasa twawaskiza tu. Shule zenu zataka sifa za Mjerumani, sisi Allidina Visram yetu ni ya mfanyabiashara. Yule mzee alikuja mdogo kutoka Kutch akaanzia biashara hapo Bagamoyo, akafungua maduka mpaka Uganda. Alipofariki 1916 mwanawe akamjengea shule ya kumkumbuka. Hadi leo yaangalia bahari.

#29 Bwaga Moyo
Mmesikia? Alianzia BAGAMOYO. Hata shule ya Mombasa ina mkono wetu.

#30 Bint Makorora
😂😂 Huyu mtu hachoki.

#31 Tarumbeta
Hakuna aliyetaja bendi? Tanga School ilikuwa na bendi ya tarumbeta ya wanafunzi wakati wa Mjerumani. Picha zipo kwenye hifadhi za Ujerumani: watoto wamevaa nguo nyeupe, tarumbeta kubwa kuliko wao, ngoma kubwa mbele. Mimi naamini beni yote ya Tanga, zile ngoma za kuiga bendi, vikundi vya Marini na Arinoti, asili yake ni bendi ile. Na muziki wa dansi wa Tanga baadaye, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, ni wajukuu wake.

#32 Wa Kibokoni
Hapo mwafanya wizi mchana. Beni ni ya Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, watu wakiiga bendi za manowari.

#33 Tarumbeta
Ilianzia huko, sawa. Ila nani aliyejua kupuliza tarumbeta halisi kwa noti? Mtoto aliyefundishwa shuleni. Beni ikifika Tanga ikamkuta tayari.

#34 Mzee wa Barabara ya Tisa
Marini ilikuwa ya watu waliojiona wastaarabu, makarani na waliosoma. Arinoti walikuwa watu wa kazi za mikono na wageni kutoka bara. Kwa hiyo Tarumbeta hajapotea njia. Lakini kuunganisha mpaka Atomic Jazz ni safari ndefu, mwanangu.

#35 Fundi Tupa
Naona mnaongea Mjerumani tu. Shule haikufa 1916. Sisi wa shule ya Tanga Ufundi, tulioirithi, tupo hapa.

Watu hawajui shule ya ufundi ilikuwaje. Mwaka wa kwanza unapewa kipande cha chuma kibaya, hakina pembe hata moja iliyonyooka. Unakibana kwenye jiliwa, unapewa tupa, unaambiwa kitoke mraba. Unasugua mpaka viganja vinatoka malengelenge. Unakwenda kwa mwalimu, anaweka guni, kile kipimo cha pembe mraba, kwenye ukingo, anainua juu kwenye mwanga wa dirisha. Akiona mwanga unapita hata kama unywele, anakurudishia bila kusema neno. Niliwahi kurudishwa mpaka kipande kikawa chembamba kikatupwa, nikapewa kipya. Mpaka leo nikipita mahali nikaona mlango umekaa vibaya siwezi kunyamaza. Wahandisi wangapi wa nchi hii wamepita kwenye jiliwa zile, za Tanga, za Ifunda, za Moshi, za Bwiru?

Baadaye shule za ufundi zikaachwa zichoke. Karakana zikawa stoo za madawati mabovu. Hilo linaniuma kuliko mjadala wa Bagamoyo.

#36 Mwana wa Chumbageni
Kaka Fundi, hilo limenigusa. Na useremala na uchapaji ulikuwepo tangu wakati wa Mjerumani, hivyo ufundi si kitu cha juzi pale.

#37 Tuko Old Tanga
Subirini. Kwani nani kasema Tanga Ufundi ndiyo mrithi? Jina la shule yetu lenyewe linasema: OLD Tanga. Sisi ndio wenyewe.

#38 Fundi Tupa
Jina si hati ya kiwanja. Jina "Tanga School" tulikuwa nalo sisi, wazee wetu wote waliosoma wakati wa Mwingereza wakisema "Tanga School" wanamaanisha kwetu.

#39 Tuko Old Tanga
Na jengo la Mjerumani?

#40 Fundi Tupa
Jengo ni matofali. Shule ni walimu, wanafunzi na vitabu vya kumbukumbu vilivyohamishwa.

#41 Galanos Daima
Sisi wa shule ya Galanos tunakunywa kahawa. Jina letu la Mgiriki wa mkonge, hatuna mgogoro na mtu.

#42 Mwalimu Mstaafu
Habari za jioni. Nimefundisha mjini Tanga miaka mingi na ubishi huu wa #37 na #38 nimeukuta na nimeuacha. Kila upande una mzee wake wa kuapia.

Nataka niwakumbushe vijana kwamba elimu ya mji huu ilikuwa imegawanywa kwa rangi. Watoto wa Kihindi walikuwa na shule zao, mfano Karimjee, ambayo sasa ni Usagara. Mwafrika alikuwa na Tanga School. Baada ya uhuru ubaguzi ule ukafutwa, na kwa sheria ya elimu ya 1969 serikali ikachukua shule zilizobaki mikononi mwa watu binafsi na madhehebu. Ndipo mtoto wa Ngamiani akaanza kukaa dawati moja na mtoto wa Raskazone. Mkihesabu historia ya shule za Tanga anzieni 1892, sawa, lakini msisahau hapo katikati.

#43 Bint Makorora
Mwalimu, shikamoo. Mama yangu ni wa hicho kizazi. Anasema siku za mwanzo walikuwa wanabadilishana vyakula mapumziko, yeye anatoa muhogo wa nazi, mwenzake anatoa chapati na achari. Urafiki wao upo mpaka leo, mwenzake yuko Kanada, wanapigiana simu kila Idi na Diwali.

#44 Mwalimu Mstaafu
Marahaba mwanangu. Msalimie mama.

#45 Nahodha wa Sahare
Mimi ni mtu wa bahari, niwape hoja yangu ya bure. Tazameni ghuba ya Tanga. Kina kirefu, kisiwa cha Toten kinakinga upepo, meli inaingia ndani kabisa. Bagamoyo maji mafupi, jahazi linakwama, meli inatia nanga mbali sana na pwani. Mjerumani aliona Bagamoyo haina maisha mbele ya meli za moshi. Ndiyo maana akahamia Dar, ndiyo maana akaanzisha reli Tanga. Shule ilifuata bandari.

#46 Kijana wa Mombo
Nahodha umenisaidia! Bandari, reli, shule. Mambo matatu yanakwenda pamoja.

#47 Kalamu ya Wino
Lakini Dar nayo ina bandari nzuri kuliko zote, na ndiyo mji mkuu mpya. Bado shule ikatangulia Tanga. Mimi naegemea kwa mzee #9 na Mbondei #17 kwa pamoja: gavana mwenye wazo, na jirani Mwingereza wa kushindana naye.

#48 Ustadh wa Ngamiani
Na wazazi waliokubali kuwatoa watoto wao, msiwaache nje. Gavana anaweza kujenga darasa. Hawezi kulijaza. Familia zilizopeleka watoto mapema zilisemwa vibaya na majirani, wengine wakapeleka watoto kwa kushurutishwa na majumbe. Kila jina kwenye daftari la kwanza lilikuwa na kikao cha ukoo nyuma yake.

#49 Mwana wa Chumbageni
Ustadh, hapo ndipo nilipotaka tufike tangu mwanzo. Ahsanteni wote. Mimi bado nasimama na watu wa Tanga: ndio walioifanya idumu.

Mzee wa Barabara ya Tisa, nina kinasa sauti. Naomba nije nikurekodi unavyowajua waliosoma pale enzi za Mwingereza, kabla majina hayajapotea.

#50 Mzee wa Barabara ya Tisa
Njoo baada ya alasiri, siku yoyote isipokuwa Ijumaa. Na yule Kifaru aje na barua za babu yake, nataka kuziona.

#51 Kifaru Mzee
Nitakuja mzee. Nitaleta nakala, zenyewe mama hataki zitoke nyumbani.

#52 Bwaga Moyo
Kabla hamjaondoka: baada ya Tanga, shule za serikali zilifunguliwa Bagamoyo, Dar, Pangani, Kilwa, Lindi. Nani anajua za Kilwa na Lindi ziliishia wapi? Zile hazina hata uzi mmoja humu.

#53 Mmakonde wa Mikindani
Nilikuwa nasubiri mtu aulize. Ngoja nile kwanza, narudi.